Samaki aliyejipiga picha

Asubuhi mwaloni Mbamba Bay, boti zilizovua na taa usiku kucha zikirudi, usipa humwagwa juu ya chanja na akinamama huanza kuutandaza kabla jua halijakolea. Mnunuzi aliyeshuka kutoka Mbinga mjini huangalia mambo mawili, macho ya samaki na harufu yake. Anayeng'aa ni wa leo, aliyelegea ni wa jana. Elimu hiyo haikuandikwa ubaoni, na imetosha kulisha familia za Liuli, Lituhi na Mbamba Bay, pamoja na Wamatengo wa milimani wanaongoja samaki washuke sokoni siku ya gulio.

Iko picha moja ya samaki ambayo ingewasumbua akinamama hao. Ilipatikana mwaka 1946 katika kisiwa cha Bikini, Bahari ya Pasifiki, baada ya Marekani kulipua hapo mabomu mawili ya atomiki ya majaribio. Samaki huyo alivuliwa akiwa hai na kwa kumtazama tu alikuwa mzima kabisa. Pale mwaloni angepata mnunuzi. Wanasayansi walimlaza juu ya bamba la kupigia picha, gizani, bila kamera wala taa. Bamba liliposafishwa, samaki alikuwa ameonekana. Magamba yake yalikuwa yamejichora, na tumboni kulikuwa na doa linalong'aa kuliko kwingine kote. Doa hilo lilikuwa mwani alioula muda mfupi kabla ya kuvuliwa. Mionzi iliyomo mwilini mwake ndiyo iliyofanya kazi ya mwanga, kwa hiyo samaki huyo, kwa namna ya kusema, alijipiga picha mwenyewe.

Hiyo ndiyo shida ya mionzi kwa mlezi wa familia. Maji machafu yana rangi, nyama iliyooza ina harufu, moto una moshi. Mionzi ya nyuklia haina kimojawapo. Mama aliyezoea kulinda watoto wake kwa macho, pua na ulimi ananyang'anywa zana zote tatu kwa mara moja. Ndiyo maana kwa miaka mingi watu wanaotaka kuieleza jamii habari hii wamekimbilia picha, na hasa maonesho ya picha, ambapo mtu husimama mbele ya sura ya mwenzake na kumtazama kwa muda anaoutaka mwenyewe.

Na picha haikuingia katika habari hii kwa kubahatisha. Mwishoni mwa mwaka 1895, Wilhelm Röntgen wa Ujerumani alipiga picha ya kwanza maarufu ya eksirei, na mkono alioupiga ulikuwa wa mkewe, mifupa yote ikionekana na pete ya ndoa imening'inia kidoleni. Miezi michache baadaye, mapema mwaka 1896, Henri Becquerel wa Paris alihifadhi chumvi za urani ndani ya droo pamoja na bamba la picha lililofungwa vizuri, kwa sababu siku hizo kulikuwa na mawingu na alihitaji jua kwa jaribio lake. Alipolisafisha bamba hilo alikuta limeungua kana kwamba lilipigwa na mwanga. Urani ilikuwa ikitoa mionzi yenyewe, gizani, bila kuombwa. Tangu siku hiyo picha ni shahidi wa kwanza wa jambo ambalo jicho haliwezi kulishuhudia.

Swali linalofuata ni la haki: haya yanahusu nini Mbinga?

Yanahusu kwa pande mbili. Upande wa magharibi, ng'ambo ya Ziwa Nyasa, wilaya ya Karonga nchini Malawi ina mgodi wa urani wa Kayelekera. Ulifunguliwa mwaka 2009, ukasimama mwaka 2014 baada ya bei ya urani kuporomoka duniani, na mwaka 2025 ukaanza tena kuzalisha chini ya kampuni nyingine. Karibu na mgodi unapita mto Sere, ambao huingia North Rukuru, ambao humwaga maji yake katika ziwa lile lile linaloitwa Malawi upande wa kule na Nyasa upande wa huku. Mgodi uliposimama, suala la kumwaga mtoni maji yaliyosafishwa lilizua mabishano makali Karonga. Kusema hivyo si kusema usipa wa Mbamba Bay una sumu, na mtu asiupeleke uvumi huo sokoni. Ziwa hili lina kina kinachopita mita 700 na eneo la karibu kilomita za mraba 29,600. Lakini ni ziwa lenye mlango mmoja tu wa kutokea, mto Shire ulioko mbali kusini, na maji yake hukaa humo miaka mingi. Familia zinazokunywa, kuoga, kufua na kula kutoka humo zina haki ya kufahamu kinachopimwa, kinapimwa na nani, na majibu yanasomwa wapi.

Upande wa mashariki kuna Namtumbo. Mradi wa Mto Mkuju, karibu na Likuyuseka, umekuwa ukizungumzwa kwa zaidi ya miaka 15. Mwaka 2012 Kamati ya Urithi wa Dunia ya UNESCO ilikubali mpaka wa Pori la Akiba la Selous urekebishwe ili eneo la mgodi litoke nje ya urithi huo. Leseni ikafuata mwaka 2013. Kisha bei ikaanguka na mradi ukalala. Tarehe 30 Julai 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua huko kiwanda cha majaribio cha kuchakata urani, mradi ukiwa mikononi mwa Mantra Tanzania, kampuni iliyo chini ya shirika la nyuklia la Urusi, Rosatom. Maji ya Mkuju hayaji Nyasa, yanaelekea Luwegu na hatimaye Rufiji. Kinachotoka Mbinga kwenda Namtumbo ni vijana. Ni mkoa ule ule wa Ruvuma, na wapo vijana waliokwisha kuonja kazi ya mgodini katika makaa ya mawe ya Ngaka. Mmoja akirudi jioni na kusema, "Shikamoo mama, nimepata kazi Namtumbo," mama ataitikia marahaba, atauliza mshahara, atauliza kama kuna chakula na mahali pa kulala. Hatauliza habari ya vumbi, kwa sababu hajawahi kuona picha ya mtu aliyeumizwa na vumbi hilo.

Picha hizo zipo. Hazijafika tu.

Zilizo maarufu zaidi zinatoka Japani. Tarehe 6 Agosti 1945, bomu lilipoangushwa Hiroshima, mpiga picha wa gazeti Yoshito Matsushige alikuwa na kamera yake mjini. Alitembea kwa saa nyingi katikati ya watu walioungua na akabonyeza mara saba tu, na picha tano ndizo zilizopatikana. Alieleza baadaye kwamba aliona vigumu kuinua kamera mbele ya watu wa namna ile. Nagasaki nayo, siku moja baada ya bomu la tarehe 9 Agosti, ilipigwa picha na Yosuke Yamahata, mpiga picha wa jeshi. Kisha picha za namna hiyo zikafungiwa na udhibiti wa jeshi la Marekani lililoikalia Japani. Wajapani wengi waliziona kwa mara ya kwanza mwaka 1952, miaka saba baada ya tukio. Katika miaka hiyo saba, manusura walikuwa mitaani na makovu yao, wakitazamwa na majirani ambao hawakuelezwa lolote. Palipokosekana maelezo, watu walijaza wenyewe. Wengine waliamini ugonjwa huo unaambukiza.

Hapo ndipo habari hii inapogeuka kuwa ya kifamilia kabisa. Manusura hao huitwa hibakusha kwa Kijapani. Wengi walificha hali yao wakati wa kuposa au kuposwa. Mshenga alikuwa akichunguza, kama wanavyochunguza washenga wa huku iwapo kuna kifafa au ukoma katika ukoo, na msichana aliyetoka Hiroshima akakosa mchumba kwa sababu watu walihofia atazaa watoto wenye kasoro. Uchunguzi uliofanywa kwa miongo mingi juu ya watoto waliotungwa mimba baada ya mabomu haukuonesha ongezeko la wazi la magonjwa ya kurithi kwa sababu ya mionzi waliyopata wazazi. Watoto waliokuwa tumboni siku ya bomu ni suala jingine, hao baadhi waliathirika kweli. Lakini kwa wengine, miaka ya kujificha na ndoa zilizovunjika kabla ya kufungwa zilikuwa mzigo uliotokana na watu, na mionzi haikuhusika.

Sumiteru Taniguchi alikuwa na miaka 16, akipeleka barua kwa baiskeli mjini Nagasaki, umbali wa karibu kilomita 1.8 kutoka mlipuko ulipotokea. Mgongo wake wote uliungua. Alilala kifudifudi kwa mwaka mmoja na miezi tisa, akatoka hospitali mwaka 1949. Jeshi la Marekani lilimpiga picha za rangi akiwa kitandani, mgongo ukiwa nyama tupu. Picha ile ilipojitokeza hadharani mwaka 1970, Taniguchi alikuwa mtu mzima mwenye familia. Angeweza kukaa kimya. Badala yake alianza kuibeba. Mwaka 2010, katika mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu silaha za nyuklia huko New York, mzee huyo alisimama mbele ya mabalozi akaiinua juu picha ya mgongo wake mwenyewe na kuwaomba wasigeuze nyuso zao. Alifariki mwaka 2017. Kati ya kupigwa picha na kuibeba picha kuna tofauti kubwa, na tutarudi kwake.

Chama cha manusura, Nihon Hidankyo, kimepeleka paneli za picha hadi ukumbi wa Umoja wa Mataifa zaidi ya mara moja, na mwaka 2024 kikapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Kufikia Machi 2025 manusura waliosajiliwa Japani walikuwa wamebaki chini ya 100,000, na wastani wa umri wao ulipita miaka 86. Maonesho yao yaliwahi kuleta mvutano: wizara ya mambo ya nje ya nchi yao ilisita kuyaunga mkono kwa sababu baadhi ya paneli zilionesha ajali za vinu vya umeme vya Chernobyl na Fukushima. Mabomu yaoneshwe, ajali za umeme zisioneshwe. Wazee hao hawakuona kwa nini saratani ya tezi ya shingo iwe na heshima tofauti kulingana na chanzo chake.

Kwa watu wa ziwani, hata hivyo, picha zenye uzito zaidi huenda si za Hiroshima. Ni za chombo kimoja cha uvuvi. Machi 1, 1954, mashua ya Kijapani iitwayo Daigo Fukuryu Maru ilikuwa ikivua jodari mbali na Bikini, nje ya eneo lililotangazwa kuwa la hatari, wakati Marekani ilipolipua bomu kubwa kuliko ilivyotarajia. Vumbi jeupe liliwanyeshea wavuvi 23. Walilipangusa kwa mikono, wakaendelea kuvuta kamba zao kama mvuvi yeyote ambaye ameshatia chambo na hawezi kuacha mali majini. Walirudi nyumbani ngozi zimeungua na nywele zinanyonyoka. Fundi wa redio wa chombo hicho, Aikichi Kuboyama, alifariki Septemba mwaka huo huo. Samaki walitupwa kwa tani, na wauza samaki ambao hawakuwahi hata kuisikia Bikini walikosa wateja. Mashua yenyewe imehifadhiwa mpaka leo katika jumba la maonesho Tokyo, lililofunguliwa mwaka 1976. Ubao wake unafanana na ubao wa boti yoyote. Mvuvi wa Lituhi angeielewa bila mkalimani.

Afrika nayo ina sehemu yake, ingawa kwenye kuta za maonesho haionekani sana. Sehemu kubwa ya urani ya bomu la Hiroshima ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, na wachimbaji wa Kikongo chini ya kampuni ya Wabelgiji. Ufaransa ilifanya majaribio yake ya kwanza ya bomu huko Reggane, katika jangwa la Algeria, Februari 1960. Huko Arlit, Niger, migodi iliyoanza kazi mwaka 1971 ilikuja kulalamikiwa kwamba vyuma chakavu vyenye mionzi vilitoka mgodini na kuuzwa sokoni, vikageuzwa vyombo vya nyumbani. Mabomba na mabati chakavu ni biashara inayojulikana sana hata Mbinga. Mtu akiona bomba zuri kwa bei ya chini hamuulizi muuzaji lilipita maji gani.

Chama cha madaktari wanaopinga silaha za nyuklia, IPPNW, kupitia tawi lake la Ujerumani, kimetengeneza maonesho ya mabango yanayowakusanya waathirika wa namna hii kutoka pembe zote za dunia: wa mabomu, wa majaribio, wa ajali na wa migodi ya urani. Wazo lake ni kwamba neno hibakusha lisibaki mali ya Wajapani peke yao. Madaktari wa chama hicho walishiriki mkutano wa kimataifa kuhusu athari za uchimbaji wa urani uliofanyika Tanzania, Dodoma na Dar es Salaam, Oktoba 2013. Dodoma ilikuwa na sababu yake, kwani Bahi nako kulikuwa kunatafutwa urani.

Lakini kama maonesho moja tu yangepewa nafasi ya kuvuka bahari kuja Ruvuma, yangefaa kuwa yale ya Wanavajo.

Wanavajo ni wenyeji wa kusini magharibi mwa Marekani, wafugaji wa kondoo. Kati ya mwaka 1944 na 1986 karibu tani milioni 30 za mawe ya urani zilichimbwa katika ardhi yao, na vijana wao walifurahia ajira karibu na nyumbani. Hawakupewa maelezo ya gesi ya radoni, ambayo hutoka katika mawe ya urani na kuvutwa na pumzi hadi mapafuni. Saratani yake haiji mwezi ule wala mwaka ule. Huja baada ya miaka 10, 20, hata zaidi, wakati mgodi umefungwa na msimamizi ameshahamia kwingine. Walikunywa maji yaliyotiririka ndani ya mgodi kwa sababu yalikuwa ya baridi. Walirudi jioni na nguo za vumbi, wake zao wakazifua pamoja na nguo za watoto. Nyumba zilijengwa kwa mawe yaliyookotwa kwenye vifusi.

Katika miaka ya 1990, mradi mmoja uliokusanya masimulizi na picha uliwafuata wazee hao, wajane na watoto wao. Kitabu chake kilitoka mwaka 1997, na picha zilioneshwa kwa jamii. Cha kushangaza, mtu asiyeelezwa anaweza kuziona na asidhani ni picha za ugonjwa. Ni mama amekaa mbele ya nyumba yake, ni mzee na kofia yake. Hakuna kidonda. Maneno yaliyo pembeni ndiyo yanayosema nani hayupo tena katika picha ya familia, na alikuwa akifanya kazi gani.

Sheria ya fidia ya Marekani ya mwaka 1990 iliahidi wachimbaji wa urani waliougua dola 100,000. Wajane wengi wa Kinavajo walikwama mlangoni. Walitakiwa kuleta cheti cha ndoa, nao waliolewa kimila. Walitakiwa kuleta kumbukumbu za kazi, na nyingi hazikuwepo. Ilichukua miaka 10 ya kelele, masimulizi na picha kama hizo mpaka sheria ikalegezwa mwaka 2000.

Msomaji mwenye kijana Namtumbo aisome tena aya hiyo ya juu, kisha akatafute bahasha. Tanzania ina Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanza kazi mwaka 2015, na magonjwa yatokanayo na kazi yamo ndani yake. Ina Tume ya Nguvu za Atomiki, TAEC, yenye jukumu la kudhibiti mionzi na kupima kiasi anachopata mfanyakazi, kwa beji ndogo inayovaliwa kifuani. Lakini hakuna mfuko unaoweza kumlipa mtu ambaye hawezi kuonesha kwamba alifanya kazi hapo. Kibarua aliyelipwa mkononi miezi minane bila mkataba, akiugua mapafu mwaka 2045, atakuwa na nini cha kumpa mwanawe akapeleke ofisini? Mkataba, hati za mshahara, namba ya beji na majibu yake, kipimo cha afya cha kuanzia kazi, vyote vikae nyumbani kwa mama, visikae kambini. Nguo za kazi zifuliwe hukohuko kazini. Na kijana anayevuta sigara aelezwe kwamba radoni na sigara zikikutana katika pafu moja hatari huongezeka sana.

Sasa turudi kwenye picha, maana zina upande wa pili.

Wanaokumbuka miaka ya mwanzo ya UKIMWI wanakumbuka mabango. Mgonjwa amekonda, mbavu nje, macho yameingia ndani, na chini yake onyo la kifo. Yaliwafundisha watu kuogopa, hilo halina ubishi. Yaliwafundisha pia kwamba mwenye virusi ana sura ile, kwa hiyo mnene hana. Na yaliwafundisha kumkimbia aliyekonda hata kama ana kifua kikuu kinachotibika au ana njaa tu. Aliyepigwa picha ile hakuulizwa, au kama aliulizwa, hakuelezwa itabandikwa wapi. Maonesho ya mionzi yakija kwa mtindo huo, watoto wenye vichwa vikubwa na migongo iliyochunwa ikipangwa ukutani bila jina wala maelezo, yataacha Mbinga jambo baya kuliko yalivyoikuta.

Na kuna baya la karibu zaidi, ambalo wahudumu wa afya wanalifahamu. Neno ni lile lile. Mwanamke wa Ruvuma akigundulika na saratani ya mlango wa kizazi, mara nyingi huelekezwa Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Mbinga. Tiba yake huenda ikawa mionzi. Mtaani wanasema anakwenda kuchomwa. Wapo wanaokataa, wapo wanaochelewa hadi ugonjwa umesambaa, na hofu ya "kuchomwa" ni sehemu ya sababu. Mama wa namna hiyo akipita kwenye ukumbi wa parokia siku ya Jumapili akaona picha za watu walioharibiwa na mionzi, bila mtu wa kumweleza kwamba moto unaounguza nyumba na moto unaopika ugali hutofautiana kwa kipimo, kwa mahali unapoelekezwa na kwa mtu anayeusimamia, atarudi nyumbani na uamuzi uliokwisha kufungwa. Picha ya kuelimisha itakuwa imemuua mtu. Mwandaaji yeyote wa maonesho hayo katika mikoa ya kusini anapaswa kuwa na muuguzi amesimama pale pale ukumbini, na picha moja angalau ya mashine ya tiba ya mionzi na mwanamke aliyepona akiwa kando yake, kwa ridhaa yake.

Ridhaa ndiyo inayomrudisha Taniguchi. Mwaka 1946 alikuwa kijana kitandani, amepigwa picha na jeshi lililomshinda. Miaka mingi baadaye ni yeye aliyeamua picha iende wapi na isemewe nini. Mgongo ulikuwa ule ule. Katika mila za huku, mgonjwa haangaliwi tu. Anapigiwa hodi, anajuliwa hali, na mwenye nyumba ndiye anayeamua shuka lifunuliwe au la. Maonesho mazuri hupiga hodi. Yana jina la mtu kama amekubali litajwe, yana kazi aliyoifanya na wajukuu alionao. Maelezo yawe kwa Kiswahili kinachosomeka na mtoto wa darasa la tano, kwa sababu ndiye atakayemsomea bibi yake, na bibi atauliza maswali kwa Kimatengo au Kinyasa, na mtu awepo wa kumjibu kwa lugha hiyo.

Ukumbi si tatizo. Mbinga ina kumbi za parokia na za shule. Barabara ya lami ya kilomita 66 imefika Mbamba Bay, na Mv Mbeya II hupitia bandari za ziwani. Mabango ni karatasi, yanakunjwa. Yanaweza kuning'inizwa kwa kamba ya nguo sokoni siku ya gulio. Wanaokwenda kliniki Litembo au hospitali ya Liuli hukaa kwenye benchi saa nyingi wakitazama ukuta mtupu.

Iko picha moja ambayo Wanavajo hawakuwa nayo, wala watu wa Arlit. Ni picha ya kabla. Mabishano yao mengi na makampuni na serikali yalikwama hapo: maji yalikuwaje kabla? Kisima kilikuwa na urani kiasi gani tangu zamani, maana kila mwamba una kiasi chake? Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa mikrogramu 30 za urani katika lita moja ya maji ya kunywa, hasa kwa ajili ya figo, lakini kipimo cha leo hakisemi kilichoongezeka kama hakuna cha jana. Wilaya ya Nyasa, iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012, bado iko mahali ambapo kabla inaweza kupigwa picha. Na Likuyuseka, kwa siku zilizobaki kabla ya mgodi wenyewe, pia.

Picha hiyo haihitaji mpiga picha kutoka Tokyo. Simu ya kijana yeyote inatosha: mwalo wa Mbamba Bay saa moja asubuhi, chanja zimejaa, kina mama wameinama, watoto wanaoga maji yakiwafika kifuani. Mashamba ya ngolo yakiwa na mashimo yake mlimani baada ya mvua. Kisima cha kijiji na ndoo zake. Isafishwe kwenye karatasi, isibaki kwenye simu inayoweza kutumbukia majini, na nyuma yake iandikwe kwa kalamu ya wino: mahali, tarehe, majina ya waliomo, na kama maji yalipimwa wiki hiyo, majibu yake.